Ufunguo wa rimoti na kuogelea: vitu vitatu nilivyonunua Kisumu, na ninachofanya sasa

Nianze na bei za vitu hivi vya kuhifadhia ufunguo wa gari nikiogelea, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Kifuko cha plastiki cha kuvaa shingoni, kile kinachouzwa kwa ajili ya simu, nilikipata kwa shilingi 300 kwenye kibanda kimoja Oginga Odinga Street baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 500. Mfuko mdogo wa turubai wa kukunja mdomo ulinigharimu 900. Kisanduku cha chuma chenye kufuli la namba kilikuwa ghali kuliko vyote, 2,400, na kiliagizwa Nairobi kikaletwa na basi la usiku. Vyote nimevitumia vya kutosha, na nina maneno kuhusu kila kimoja.

Gari langu ni Toyota Fielder, la kuwashwa kwa kubonyeza. Lilishuka Mombasa kutoka Japani na ufunguo mmoja tu, kama ilivyo kwa magari mengi ya mtumba. Fundi wa funguo hapa mjini aliniambia wa pili ni shilingi 14,000 pamoja na kuuingiza kwenye kompyuta ya gari. Alipousikia mpango wangu wa kuogelea nao akatikisa kichwa. "Mwalimu, ukiingia maji usiniletee wiki ijayo. Niletee siku hiyo hiyo, na betri uwe umeshaitoa."

Hiyo kauli ya betri sikuitilia maanani sana wakati ule, ila ndiyo iliyokuja kuwa jibu. Nitaifikia.

Kwa wasionijua, mimi huogelea asubuhi za Jumamosi kwenye bwawa la hoteli, na shule zikifunga huenda kisiwa cha Rusinga, kwenye Ziwa Victoria hili hili. Ziwani hapa mjini siingii. Hippo Point haikuitwa hivyo kwa kupamba, na hata pasipo na viboko kuna kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu kwenye maji ya kina kifupi karibu na matete. Hata nikirudi kutoka Rusinga huenda kupimwa baada ya wiki kadhaa. Tuache hayo, leo ni habari ya ufunguo.

Zamani mtu alifunga ufunguo wa chuma kwenye kamba ya kaptula akaruka majini, basi. Au aliuficha juu ya tairi. Huu wa sasa una redio ndani yake. Ukishika kishikio cha mlango, gari hutuma mawimbi ya redio yasiyofika mbali, kama mita moja hivi, na ufunguo ukiyapata hujibu wenyewe bila kubonyezwa. Kwa hiyo ukiuweka juu ya tairi, yeyote atakayegusa kishikio cha mlango ulio karibu na tairi hilo anaweza kufunguliwa na gari lenyewe, na akishaupata ufunguo anakaa, anabonyeza, anaondoka. Nawaona bado watu wanaofanya hivyo pale Dunga wakishuka kwenda kula samaki. Mimi simo.

Sasa kifuko cha shilingi 300. Kwenye karatasi yake kimeandikwa IPX8. Alama hizo za kuzuia maji zina maana yake: IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30, na IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe anapaswa kukitaja. Changu hakikutaja kina chochote. Halafu vipimo hivyo hufanywa kitu kikiwa kimetulia majini. Havisemi lolote kuhusu mtu anayejitupa kutoka ukingoni kifua kikitangulia.

Nilikijaribu nyumbani kwanza. Nikaweka ndani karatasi ya chooni iliyokunjwa na jiwe dogo la kukizamisha, nikakiacha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu kabisa. Nikafurahi. Bwawani nako kilifanya vizuri, wiki baada ya wiki. Kilichokishinda ni mchanga wa Rusinga. Mdomo wa kifuko hiki ni mifereji miwili ya plastiki inayoingiana, na juu yake klipu ya kugeuza. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye mfereji, pale pembeni klipu inapoishia, huwezi kuiona, lakini maji yanaiona. Nilipokifungua, karatasi niliyokuwa nimeiacha humo kwa makusudi ilikuwa imelowa kwenye kona moja, kipande cha ukubwa wa kucha. Ufunguo ulikuwa upande wa pili na ukapona. Tangu hapo mimi hupitisha kitambaa kikavu kwenye ile mifereji kila ninapofunga, na karatasi haikosi humo ndani, maana ndiyo inayonipa habari kabla ya ufunguo kunipa.

Tatizo la pili la kifuko hiki hakuna aliyenionya nalo. Plastiki ni laini, na hewa ikitolewa hushikana na ufunguo. Nikiegemea ukingo wa bwawa kupumzika, kifua hubonyeza vitufe. Siku moja askari wa maegesho alikuja mbio mpaka kwenye vigae, viatu vyake vikiteleza.

"Mkubwa, gari yako inafunguka yenyewe! Taa zinapepesa."

"Kuna mtu karibu nayo?"

"Hakuna mtu. Ni hiyo yenyewe tu."

Ukiwa chini ya maji mawimbi hayaendi popote, maji huyameza. Lakini kichwa na mabega yakiwa nje, na gari likiwa ng'ambo ya ukuta tu, yanafika vizuri. Bahati ni kwamba Toyota ikifunguliwa kwa rimoti na mlango usiguswe, hujifunga tena baada ya muda mfupi. Mzee wa watu alikaa analilinda mpaka nilipotoka. Soda ilimstahili na aliipata.

Mfuko wa kukunja mdomo ni bora zaidi, nausema bila kusita. Unakunja mara tatu au nne, unabana buckle, unaufunga kiunoni. Hauna mfereji wa kunasa mchanga, na hewa kidogo ukiiacha ndani hauzami, kwa hiyo mkanda ukikatika utauona ukielea. Kasoro yake ni kwamba hukuvuta nyuma ukiogelea kwa kasi. Kwa mtu anayepiga mapana na marefu taratibu kama mimi, si neno. Anayefanya mazoezi ya mashindano atauchukia kabla ya kumaliza duru ya kwanza.

Kisanduku cha chuma nilikiagiza kwa sababu ya shemeji yangu aliyeko Diani. Kule wanaoteleza juu ya mawimbi na wale wanaovutwa na tiara majini hukifungia chini ya bampa, kwenye tundu la kuvutia gari, wakaacha ufunguo humo wakaingia baharini mikono mitupu. Wazo ni zuri. Kwa ufunguo wa chuma tupu usio na redio ningekipa alama zote. Kwa wangu, nilipoufungia humo nikashika kishikio cha mlango, mlango ukafunguka. Chuma peke yake hakizuii mawimbi kama kuna mwanya, na kifuniko cha kisanduku hiki kina mwanya pande zote. Nikauviringisha ufunguo kwa foili ya jikoni tabaka tatu, nikashika tena, kimya. Kwa hiyo kinafanya kazi kwa msaada wa foili ya shilingi 200, na foili huchanika, ni ya kubadilisha mara kwa mara. Kufuli lenyewe lina namba nne, yaani michanganyiko 10,000, lakini kwenye visanduku rahisi mtu mwenye vidole vyepesi anaweza kuvuta huku anazungusha akahisi namba inapokaa. Na kwa Kisumu kina aibu nyingine: hakijazoeleka. Kila mwendesha boda aliyepita alichutama kukitazama. Kitu cha usalama kinachokusanya watazamaji si cha usalama tena.

Mtasema, si uuache mapokezi? Niliwahi. Kwenye hoteli hiyo, ambayo sitaitaja, funguo za waogeleaji hutupwa zote kwenye beseni moja dogo juu ya kaunta, bila kadi, bila namba. Nilipotoka majini binti wa zamu aliniinulia ufunguo akiuliza, "Hii ya Demio ni yako?" Ningejibu ndiyo, ningeondoka na Demio.

Basi, ninachofanya sasa. Ukiutazama ufunguo wa aina hii pembeni utaona kitufe kidogo au kilimi cha kusukuma. Kisukume, kutatoka kipande cha chuma chembamba. Hicho ndicho ufunguo wa dharura. Hakina chipu wala redio, hakiogopi maji, na hufungua mlango wa dereva. Watu wengi wanaendesha miaka mitano bila kujua kipo. Mimi hukifunga kwenye kamba ya ndani ya kaptula, fundo mbili, nikaogelea nacho. Ufunguo wenyewe hubaki ndani ya gari, nimeunyamazisha kwanza.

Kuunyamazisha kuna njia tatu. Ya kwanza ni foili, kama nilivyosema. Ya pili ipo kwenye Toyota nyingi za miaka ya karibuni: shikilia kitufe cha kufunga, na huku umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili. Kitaa chekundu kitapepesa mara nne, na hapo ufunguo umelala, haujibu gari tena mpaka ubonyeze kitufe chochote kuuamsha. Si kila modeli inayo, kwa hiyo ijaribu. Ya tatu ndiyo ya yule fundi: toa betri. Ni ile ya duara, CR2032 au CR1632 kutegemea gari. Pasua ganda kwa sarafu iliyofungwa kitambaa usilikwaruze, toa betri, rudisha ganda. Ufunguo usio na betri hausikii wala hausemi. Na hata ukilowa kwa bahati mbaya, madhara ni madogo sana, kwa sababu kinachokula ile sakiti haraka si maji peke yake, ni maji yakiwa na umeme ndani yake. Ukaushe vizuri kabla ya kurudisha betri. Ukilowa wa baharini, usuuze kwanza kwa maji safi, maana chumvi ikibaki itaendelea na kazi yake. Kuufukia kwenye mchele ni kupoteza mchele.

Na gari litawaka bila betri? Litawaka. Ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo isiyohitaji betri, inayopata nguvu kutoka kwa gari lenyewe. Kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo, subiri mlio, kisha bonyeza. Nilimwonyesha mwenzangu wa idara ya hisabati akadhani ni mazingaombwe.

Kwa Jumamosi za kawaida hutumia njia ya kulaza, kwa sababu kupasua ganda kila wiki kutalegeza vibanio vyake. Kwa safari ya Rusinga, kupitia Bondo mpaka Luanda Kotieno na kivuko cha Mbita, betri hutoka. Huko nikikuta pwani isiyo na askari, siachi ufunguo garini. Unaingia kwenye mfuko wa kukunja, ukiwa ndani ya kifuko kingine kidogo cha zipu, hauna betri, na tunaenda wote majini.

Maangalizo mawili. Magari mengine yakifunguliwa kwa kile chuma pekee hupiga alamu mpaka ufunguo wenyewe utambuliwe. Jaribuni nyumbani, si saa kumi na mbili asubuhi kwenye maegesho ya hoteli wageni wakiwa wamelala. La pili ni zito zaidi: mwizi akivunja kioo na kuukuta ufunguo ndani, amepata gari zima, na watu wa bima watataka kujua ufunguo ulikuwa wapi. Soma mkataba wako. Mimi hufanya hivyo penye askari na kamera tu, na siuachi kwenye dashibodi wala droo ya mbele, ambako mkono wa mwizi hutangulia.

Kama unanunua kimoja tu, nunua mfuko wa kukunja. Kisanduku nimempelekea shemeji Diani, anaendesha Probox ya ufunguo wa chuma na anakisifia sana. Kifuko cha shilingi 300 bado ninacho, nabebea simu nikiwa kwenye boti.