Kamusi ya Oxford kwa wanaojifunza Kiingereza: nimeipima kwa "affect" na "effect"

Nikitaka kujua kama kamusi ya Kiingereza inafaa, huanza na "affect" na "effect". Mimi ni mhariri wa tafsiri, na jozi hii ndiyo ninayoirekebisha kuliko nyingine yoyote. Safari hii nimeipima Oxford Advanced Learner's Dictionary ya mtandaoni. Mzizi wake ni kazi ya A. S. Hornby na wenzake waliokuwa wakifundisha Japani, na Oxford waliichapisha mwaka 1948. Kwamba iliandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, hilo bado linaonekana.

Aina ya neno imeandikwa palepale penye kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kabla ya maana. "Affect" ni kitenzi, kuathiri. "Effect" kwa kawaida ni nomino, athari. Sisi wa Kiswahili tumerahisishiwa, kwa sababu athiri na athari zimegawana kazi vivyo hivyo. Lakini thamani kubwa nimeiona kwenye mifano. "Affect" hupokea yambwa, yaani kinachoathiriwa, moja kwa moja: "smoking affects your health". "Effect" ndiyo inayotaka "on": "smoking has an effect on your health". Wanaoandika "affect on" ni wengi, na maana yake wanaijua vizuri kabisa. Wanachokosa ni kuliona neno likiwa kazini.

Kamusi pia inayalinganisha maneno haya mawili, na haifichi kwamba "effect" huweza kuwa kitenzi, cha nadra na rasmi. Hapo msipapite haraka! "To effect change" ni kuleta mabadiliko. "To affect change" ni kuyaathiri mabadiliko ambayo tayari yapo. Kwenye hati ya sera, herufi hiyo moja inageuza ahadi nzima.

Sauti za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani zipo na ni safi, ila vitenzi hivi viwili vinakaribiana mno kimatamshi kiasi kwamba sikio halitakuokoa.

Kwa "affect" ya wanasaikolojia, ambayo ni nomino yenye mkazo kwenye silabi ya kwanza na inahusu hisia na zinavyojidhihirisha, mimi hufungua Merriam-Webster, kamusi ya Kimarekani. Kwa kazi nyingine zote naipendekeza hii ya Oxford, hasa kwa mwanafunzi na mfasiri anayeanza. Someni mifano kwanza, kisha ndipo mrudi kwenye maana.