Sinema sebuleni, muziki nyumba nzima: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mtu akitaka sinema ya nyumbani na wakati huohuo asikie muziki jikoni, chumbani na barazani, muuzaji humwekea mbele boksi moja kubwa na kumhakikishia kwamba hilo linafanya yote. Linafanya, ndiyo, ila mara nyingi hufanya kazi moja vizuri na nyingine kwa kulazimishwa. Hapa nimepanga njia tano, kuanzia ile ambayo ningemshauri mtu wangu wa karibu hadi ile ambayo ningemshika mkono asifungue pochi. Msimamo wangu ni kwamba sinema na muziki wa vyumbani ni kazi mbili tofauti. Zinunulie mifumo miwili, kisha iunganishe kwa waya mmoja.

Sababu yenyewe si ubishi wa mafundi. Filamu haisubiri: mdomo ukifunguka, sauti iwe imeshatoka. Mfumo wa vyumba vingi hujichelewesha makusudi. Ili spika ya jikoni na ya chumbani zitoe neno lilelile kwa pamoja, kila moja hupokea kwanza kipande cha wimbo na kukihifadhi, zote zinalinganisha saa, ndipo zinaanza kupiga. Kwa muziki hutaona tofauti yoyote. Kwa televisheni utaiona papo hapo: peleka sauti ya mechi jikoni kwa njia hiyo, na goli litashangiliwa sebuleni kwanza, halafu jikoni. Ukisimama mlangoni kati ya vyumba hivyo viwili utasikia mwangwi mpaka ukereke.

Kabla ya kifaa chochote, waya

Kama ukuta bado haujapigwa plasta, au dari haijafungwa, acha kwanza habari za spika. Pitisha nyaya. Kifaa cha leo kitapitwa na wakati, lakini waya wa shaba uliomo ukutani utatumika na kila amplifaya (kifaa kinachokuza sauti na kuisukuma hadi kwenye spika) utakayonunua baadaye. Kila chumba unachodhani kitahitaji muziki kipate jozi ya nyaya za spika na waya mmoja wa mtandao, vyote vikiishia sehemu moja, kwenye kabati lenye hewa. Pitisha na vile usivyovihitaji leo. Kubomoa ukuta uliopakwa rangi ni ghali kuliko waya wenyewe.

Unene: kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, na huandikwa nyuma ya spika) isiyozidi mita 15 kutoka kwenye amplifaya, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Umbali ukizidi hapo, au spika ikiwa ya omu 4, nenda 2.5. Usiupitishe ubavuni mwa waya wa umeme mkubwa. Acha nafasi ya kama sentimita 30, na pale lazima zikutane, zikatize kwa pembe mraba ili spika zisianze kuunguruma. Na waya wa ndani ya ukuta uwe wa aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye ganda lisilosambaza moto.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuangalia kwa macho yako mwenyewe. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyovishwa shaba nyembamba kwa nje, na zina ukinzani mkubwa kuliko shaba halisi. Mwombe muuzaji akukatie kipande, chuna ganda, kisha ukwangue uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukibaki na rangi ya shaba hadi ndani, lipa. Ukiona weupe wa bati chini ya wekundu, mrudishie.

Nafasi ya 1: risiva ya sinema sebuleni, amplifaya ndogo za mtandao vyumbani

Hii ndiyo ningechagua kwa nyumba nyingi. Sebuleni unaweka risiva, yaani amplifaya ya sinema inayopokea sauti na picha na kuzigawa, pamoja na spika tano na sabufa moja, ile spika kubwa ya besi. Mpango huo unaitwa 5.1. Vyumba vingine kila kimoja kinapata amplifaya ndogo ya mtandao inayosukuma spika mbili za kawaida, za darini au za rafu.

Kwenye risiva, kitu cha kudai ni tundu la HDMI lenye eARC. ARC ya zamani hurudisha sauti kutoka kwenye televisheni, lakini ikiwa imebanwa. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hupitisha sauti nzima bila kuipunguza. Televisheni nayo lazima iwe na eARC, la sivyo umelipia bure. Cha pili ni maikrofoni ya kupima chumba. Unaiweka pale unapokaa, risiva inapiga milio, kisha inajipangia yenyewe umbali na nguvu ya kila spika. Watu huiacha kwenye boksi, halafu wanalalamika kwamba maneno hayasikiki.

Maneno hasa hutoka kwenye spika ya kati. Hiyo ndiyo isiyostahili ubahili, na isifichwe ndani ya kabati lililofungwa. Spika za mbele, kushoto na kulia, ziunde na kiti chako pembetatu ya pande sawa, na vipaza vyake vidogo vya sauti nyembamba viwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Za pembeni ziwekwe nyuma kidogo ya mabega, kwenye nyuzi kama 110 kutoka katikati ya skrini. Wengi huzipeleka hadi ukuta wa nyuma kabisa kwa sababu ndiko kwenye nafasi.

Sabufa ina mchezo wake. Besi hujaa sehemu moja ya chumba na kupotea hatua mbili mbele, na hakuna kitabu kitakachokuambia ni wapi. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayoendelea, halafu tambaa sakafuni kwa magoti ukizunguka kuta. Pale utakaposikia besi safi, isiyovuma wala kufifia, ndipo mahali pa sabufa. Watoto watakucheka, endelea tu. Ukimaliza, mwachie sabufa kila sauti nene iliyo chini ya hezi 80, kiwango ambacho THX, kampuni ya viwango vya sauti za sinema, walikipendekeza na ambacho risiva nyingi huanza nacho.

Kwa upande wa vyumba, nunua vya ukoo mmoja, yaani vinavyotumia mfumo mmoja wa kusambaza muziki. Denon na Marantz wanatumia HEOS, Yamaha wana MusicCast, Bluesound wana BluOS, na Sonos wana yao. Vifaa vya koo tofauti kwa kawaida havipigi pamoja kupitia programu zao. AirPlay 2 ya Apple, iliyotoka mwaka 2018, huvikutanisha vifaa vya makampuni mengi, ila kwa mwenye simu au kompyuta ya Apple. Ukichukua risiva ambayo tayari ni ya ukoo wa vyumba vyako, sebule inajiunga na muziki bila kifaa cha ziada. Kama si ya ukoo huo, kifaa kidogo cha kupokea muziki kutoka mtandaoni kinachomekwa nyuma ya risiva, na huo ndio ule waya mmoja niliousema.

Kilichoipa njia hii nafasi ya kwanza ni namna inavyozeeka. Vifaa vya mtandao vinategemea kampuni iendelee kuvitunza. Logitech waliacha kutengeneza Squeezebox mwaka 2012 ilhali watu walikuwa wameishapanga nyumba zao kwa mfumo huo. Sonos walitoa programu mpya Mei 2024 iliyopoteza baadhi ya huduma za ile ya zamani, na malalamiko yakawa makubwa. Jambo kama hilo likitokea kwenye mfumo wa namna hii, unabadilisha amplifaya ndogo na spika zinabaki darini zilipo.

Nafasi ya 2: saundiba na spika zisizo na waya

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, hii ndiyo ya kwanza. Chini ya televisheni unaweka saundiba, ile spika ndefu nyembamba, unaiongezea sabufa yake na pengine spika mbili za nyuma, kisha spika za ukoo huohuo zinasambaa vyumbani. Siku ya kuhama unazifungasha zote.

Jina "zisizo na waya" limepotosha wengi, maana kila spika inahitaji soketi ya umeme. Hesabu soketi kabla ya kuhesabu spika. Pia usiulaumu mfumo kabla hujaitazama ruta: spika sita au nane zinazopiga pamoja huumbua Wi-Fi dhaifu kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Saundiba ipate waya wa mtandao ikiwezekana. Ruta nayo itolewe nyuma ya televisheni na kuwekwa juu, mahali peupe.

Mapungufu yake ni mawili. Saundiba hujaribu kuufanya ukuta ufanye kazi ya spika kwa kurusha sauti ili irudi, na chumba kilicho wazi upande mmoja hakina cha kuirudisha. La pili ni kwamba spika na akili yake ni kitu kimoja: kampuni ikiacha kuitunza akili, unakuwa umepoteza na spika.

Nafasi ya 3: amplifaya moja kubwa ya vyumba vyote

Hapa vyumba vyote vinalishwa kutoka kwenye kabati moja. Amplifaya ya chaneli 12, yaani njia 12 za kutolea sauti, inatosha vyumba sita, kushoto na kulia. Vyumbani hakuna kifaa kinachoonekana isipokuwa duara za spika darini. Kwa anayejenga nyumba kubwa ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Kwa wengine inashuka, kwa sababu inadai uamuzi mapema, fundi anayeelewa kazi, na kabati lenye upepo. Pia ikiharibika, nyumba nzima inanyamaza siku moja.

Nafasi ya 4: eneo la pili la risiva

Risiva nyingi za chaneli saba zina kitu kinachoitwa Zone 2: chaneli mbili unaziondoa kwenye sinema na kuzipeleka chumba kingine, sebule inabaki na tano. Kwa anayehitaji sebule na baraza tu, ni njia nzuri na huenda tayari unayo bila kujua. Lakini soma kijitabu kabla ya kulipa. Risiva za daraja la chini mara nyingi hazipeleki eneo la pili sauti iliyoingia kwa HDMI. Na aliye barazani akitaka kubadilisha wimbo, risiva ya sebuleni lazima iwe inawaka.

Nafasi ya 5: amplifaya moja na kisanduku cha kugawa spika

Ni rahisi, na ndiyo inayounguza amplifaya nyingi. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye chaneli moja, amplifaya inaona omu 4. Zikiwa nne, inaona 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazijatengenezwa kwa mzigo huo: itajizima, au itapata moto hadi iharibike. Kama umeshaamua, nunua kisanduku chenye kinga ya ukinzani ndani yake, ukubali kwamba vyumba vyote vitasikia wimbo mmoja.

Spika za Bluetooth sikuzipa nafasi. Ni nzuri za kubeba, ila simu ikipigwa muziki unakatika, ukitoka na simu unaondoka na wimbo, na kuta mbili tu zinatosha kuimaliza.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Wati ndizo zinazouza, na ndizo zinazodanganya. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kubwa mara mbili hivi unahitaji wati mara kumi. Tazama badala yake desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja, zikipimwa mita moja kutoka kwake. Spika ya desibeli 90 kwa nusu ya wati inapiga sawa na ya desibeli 87 kwa wati nzima. Na wati zilizopimwa chaneli moja tu ikipiga usizilinganishe na zilizopimwa zote zikipiga kwa pamoja.

Kwa bafu na baraza, angalia alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. IPX4 inavumilia maji ya kurushiwa. Spika ya nje iwe na kinga ya vumbi pia, mfano IP65.

Pesa zisipotosha kwa mara moja

Anza na risiva na spika mbili nzuri za mbele. Risiva itazigawia hata sauti ya spika ya kati. Kisha ongeza ya kati, ndipo sabufa, ndipo za pembeni. Baada ya hapo chumba cha kwanza cha muziki kiwe jikoni, maana huko ndiko mtu husimama muda mrefu mikono ikiwa na kazi na masikio yakiwa huru. Spika za juu za Dolby Atmos, mfumo unaoleta sauti kutoka juu ya kichwa na ulioingia majumbani mwaka 2014, ziwe za mwisho kabisa. Zile zinazokaa juu ya spika nyingine na kurusha sauti darini zinahitaji dari bapa isiyo juu sana. Kama yako imeinama, au imefunikwa kwa kitu kinachomeza sauti, chukua za kutobolewa darini au usinunue kabisa.