Barbados: bichi zote bure, kiti ndo utalipia

Kwa wale mnaoulizia Barbados, kile kisiwa cha Karibi, mi nimeenda na mama watoto na wanetu, tulichagua mwezi wa sita kwa sababu tiketi za ndege kutoka Uingereza zinakuwa nafuu kuliko ule msimu wao wa Desemba mpaka Aprili. Naongelea bichi tu hapa, habari za viwanda vya rum na majumba ya zamani waulizeni wengine.

Kwanza kabisa, kule hakuna bichi ya mtu binafsi. Hata ile iliyo mbele ya hoteli ambayo usiku mmoja ni mshahara wangu wa mwezi, mchanga ni wa umma na unatandika kanga yako hapo na hakuna wa kukuondoa. Kazi ni kufika tu, maana upande wa magharibi majumba ya matajiri yamebanana mpaka njia ya kushukia baharini inakuwa kichochoro kati ya kuta mbili, ukiwa kwenye gari unakipita hukioni, kwa hiyo shuka utembee uangalie vibao. Paynes Bay tuliingia hivyo hivyo, mlinzi akatusalimia na maisha yakaendelea.

Kilichonishangaza mimi mtu wa Tanga ni maji. Yaani hayapwi! Kwetu kabla hujatoka nyumbani unauliza leo maji yanajaa saa ngapi, ukikosea unakuta bahari imeenda kule na wewe umebaki na matope na miamba na kina mama wanaotafuta pweza. Barbados maji kupanda na kushuka haifiki hata mita moja, basi asubuhi unaogelea, mchana unaogelea, jioni unaogelea, bahari ipo palepale. Kwa wenye watoto hilo peke yake linatosha kulipia nauli.

Bichi niliyoipenda kuliko zote ni Carlisle Bay, pale pale Bridgetown, mji wao mkuu, kutoka katikati ya mji unatembea kwa miguu. Watu wengi wanaisifia pwani ya magharibi kwa sababu ya majina makubwa yanayofikia kule, ila mi naona Carlisle inaizidi, ghuba imepinda vizuri, maji yametulia, na humo ndani kuna meli zilizozama, moja ni tagi, boti ya kuvuta meli, inaitwa Berwyn iko chini tangu 1919, na haiko kina kirefu, ukiwa na miwani na mrija tu unaiona ilivyoota matumbawe na samaki wanapita kwenye matundu yake. Halafu wahini alfajiri. Upande wa bichi ya Pebbles, hapo hapo Carlisle, kuna farasi wa mashindano wanaletwa kutoka uwanja wa Garrison kuogeshwa baharini, mchungaji anaingia nao mpaka maji yanafika shingoni, farasi mkubwa mweusi anatoa pumzi puani kwa kishindo, ubavu unang'aa, anatoka anajikung'uta na wote mnalowa. Mwanangu wa mwisho hakutaka kuondoka. Hiyo bure pia, na saa mbili asubuhi mara nyingi washamaliza.

Kiti na mwavuli ndo utalipia. Tuliambiwa dola 50 za kwao nikashusha mpaka 40 viti viwili siku nzima. Dola yao mbili ni moja ya Marekani, ulizeni kila bei ni dola ipi kabla hamjakubali, mana wakisema "dola" tu mtu anaweza kulipa mara mbili.

Kitu ambacho sikukipenda ni boti ya kasa. Kampuni siitaji, ila tulilipa ili watoto waone kasa, tukafika wale vijana wa boti wanatupa vipande vya samaki majini ili kasa waje, watu ishirini wamewazunguka na mmoja anahimizwa amshike mgongoni apigwe picha. Kasa wenyewe wazuri mno, kulikuwa na ng'amba mmoja gamba lake limejaa michoro, lakini nchi iliyopiga marufuku kuwavua tangu 1998 halafu watalii wanawapapasa namna ile, hapana. Kuna siku tuliogelea wenyewe pale Carlisle akapita mmoja chini yetu anaenda zake, hatukulipa senti.

Pwani ya mashariki nendeni kuangalia, msiende kuogelea. Bathsheba kuna mawe makubwa yamesimama majini yamelika chini kama uyoga, na mawimbi ya Atlantiki yanayopiga pale hayajakutana na nchi kavu tangu Afrika Magharibi huko, yanafika na hasira zote. Wanaocheza na mbao za mawimbi wanapaita Soup Bowl na wanapapenda sana, sisi wengine mkondo unatuchukua. Kuna vidimbwi kati ya mawe maji yakiwa yametulia unakaa humo mpaka kifuani unapigwa na povu, raha yake kubwa.

Halafu mwani. Tangu 2011 yanakuja mamwani ya kahawia yanayoelea, sargassum, si kama ule mwani wanaolima kina mama Zanzibar, huu unakuja wenyewe kwa tani na ukioza unanuka yai viza. Tulipoenda bichi za mashariki na baadhi za kusini zilikuwa zimejaa, Crane yenye mchanga wa rangi ya waridi tuliikuta nusu yake imefunikwa. Magharibi ilikuwa safi kabisa. Mkienda miezi hiyo ya kati ya mwaka chukueni malazi upande wa magharibi au kusini magharibi, msidanganywe na picha.

Na kitu cha hatari kuliko mawimbi: upande wa magharibi kuna mti unaitwa manchineel, una tunda la kijani kama tufaa dogo, linanukia vizuri, na ni sumu. Utomvu wake unaunguza ngozi, hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake maana matone yanashuka nao. Mingi imepigwa mstari mwekundu kwenye shina. Watoto waambieni kabla hata ya kuvua viatu.

Usafiri, sahauni teksi. Kuna vidaladala vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, vinaitwa ZR, nauli dola 3.50 za kwao popote unapoenda, muziki mpaka kifua kinatetemeka, konda anawapanga watu nilidhani niko Kariakoo. "Sogea mama, sogea, bado mmoja!" na yule mmoja ni watu watatu. Mama watoto alicheka mpaka machozi.

Ijumaa usiku hiyo hiyo ZR iwapeleke Oistins kwenye samaki wa kuchoma. Sulisuli, jodari, faulusi, unachagua, unapewa na shelisheli ya kuchoma au makaroni ya kuoka, na pilipili yao ya njano ambayo isipimwe kwa macho. Foleni ndefu, wahini kabla ya saa moja. Chakula chao cha taifa ni wale samaki wanaoruka juu ya maji pamoja na cou-cou, ambayo ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia humo humo, wanangu wakakataa mimi nikala sahani zote.

Nguo za mabaka ya jeshi acheni nyumbani, ni kosa kisheria hata kwa mtoto, tulimuona baba mmoja anavuliwa kofia uwanja wa ndege. Na bebeni maji ya bomba ya kule kwenye chupa zenu, yanakunywika vizuri tu, ya dukani yanauzwa bei ya soda.