Missouri: mfuko mkuu au kodi ya dukani?

Wengi tunadhani hela ya wakulima Marekani yote inatoka Washington, kumbe majimbo nayo yana mifuko yao, we angalia Missouri tu.

Njia ya kwanza ni mfuko mkuu, yaani kodi zinaingia chungu kimoja halafu kila mwaka wabunge pale Jefferson City, mji mkuu wa jimbo, wanagawa, na kilimo kinapanga foleni na shule, magereza, matibabu ya wasio na uwezo, wote hao wanataka. Bajeti ikishapita bado gavana anaweza kufyeka kifungu, au mapato yakishuka akazuia hela katikati ya mwaka. Sasa wewe wa idara ya kilimo ushaajiri mkaguzi, utamwambia nini?

Ya pili ndo naipenda mimi. Mwaka 1984 wapiga kura walikubali kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia 1, nusu inaenda mbuga za jimbo, nusu kuhifadhi udongo na maji. Ukinunua kitu cha dola 10 umechangia senti 1, wala husikii. Mkulima akichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko anaweza kurudishiwa hadi asilimia 75 ya gharama. Ila hela yenyewe iko idara ya maliasili sio ya kilimo (mambo ya serikali hayo). 2016 wakaipigia kura tena, ikapita kwa kishindo.

Ubaya wake, watu wakibana matumizi nayo inasinyaa, na mafua ya ndege yakiingia mabandani huwezi kuichota, hapo lazima urudi mfuko mkuu.