TAHADHARI: Muuzaji wa "panga za Burma" zenye hati za Kijapani

Ndugu wakusanyaji,

Nawaandikia kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayewafuata watu kwa ujumbe wa faragha, kwa Kiswahili fasaha na adabu nyingi, akiwauzia panga za kale za Kijapani pamoja na vifaa vyake na vipande vya deraya za samurai. Simtaji kwa jina kwa kuwa huja na jina jipya na laini mpya ya simu kila anapobanwa, na jina la leo halitamkinga mtu kesho. Asichokibadilisha ni masimulizi yake na hati zake, na kwa hayo mawili mtamtambua.

Masimulizi yenyewe ni kwamba upanga ulikuwa wa babu yake, askari wa Keya (yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), aliyeuteka kwa afisa wa Kijapani huko Burma na kurudi nao nyumbani vita vilipokwisha. Yamechaguliwa kwa akili, kwa sababu hayako mbali na ukweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 ikipigana na Wajapani mpaka Kalewa na mto Chindwin, na maafisa wa jeshi la Japani walibeba panga zao mpaka vitani. Upanga wa Kijapani kukutwa sandukuni mwa mzee wa Nyeri au Songea basi si muujiza, na mtu ambaye babu yake mwenyewe alikwenda Burma hulainika moyo kabla hajauliza swali la kwanza.

Angeishia hapo, ingekuwa vigumu kumnasa. Lakini hadithi bila karatasi haileti bei kubwa, kwa hiyo huambatisha picha ya torokusho, yaani hati ya usajili inayotolewa Japani na Bodi ya Elimu ya mkoa kwa kila upanga unaoruhusiwa kumilikiwa nchini humo. Mfumo huo ulianzishwa baada ya vita, na hati za mwanzo kabisa ni za mwaka 1951. Upanga uliochukuliwa msituni Burma mwaka 1944 na kuletwa moja kwa moja Afrika Mashariki hauwezi kuwa nayo, kwa kuwa usajili ulipoanza haukuwepo Japani. Ama hadithi ni ya uongo, ama hati ni ya upanga mwingine. Kwa huyu bwana, kwa kadiri nilivyoona, ni yote mawili. Alipoulizwa, alijibu kwamba babu aliurudisha Japani kuusajili, kisha akaja nao tena. Mzee wa Keya, katika miaka ile ya hamsini, akate tiketi ya meli mpaka Japani kufuata mhuri!

Lipo na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Upanga unapotolewa Japani kwa njia halali, torokusho yake hurudishwa kwa Bodi ya Elimu iliyoitoa, na upanga husafiri na kibali cha Idara ya Utamaduni kinachothibitisha kwamba si mali ya taifa iliyokatazwa kutoka. Mnunuzi wa nje anaweza kubaki na nakala ya torokusho, na hilo halina ubaya. Lakini muuzaji aliye nje ya Japani anayejigamba kwamba anayo hati halisi na atakutumia pamoja na upanga, anakwambia bila kujua kwamba upanga umetoroshwa au kwamba karatasi si yake. Huyu huitaja hati halisi kama zawadi ya ziada.

Ndugu yetu mmoja aliyeko Maskati alinitumia picha zote baada ya kutoa arbuni na kabla hajamalizia fedha zilizobaki. Torokusho huandika aina ya upanga, urefu, upindo, idadi ya matundu ya pini kwenye msuka (sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini), na maandishi yaliyochongwa kila upande. Katika hati ile, sehemu ya matundu ilisomeka mawili. Msuka katika picha ulikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa na kingo kali zinazong'aa, kama lililotobolewa kwa drili juzi. Sikatai kwamba makarani hukosea vipimo kwa milimita chache, wala kwamba tundu la zamani huweza kuzibwa; ila kizibo huonekana, hata kikiwa cha fundi hodari, na hapa hapakuwa na kizibo. Baadaye hati hiyohiyo, yenye namba ileile, ilitumwa kwa mtu mwingine ikiwa imeambatana na upanga mfupi usiofika hata sentimita 60.6, kipimo ambacho chini yake upanga huitwa wakizashi badala ya katana.

Msuka ndio mahali pa kumalizia ubishi, na ndio sababu huyu bwana hapendi kuupiga picha mpaka abanwe. Wahunzi wa Kijapani na wenye panga hawausugui msuka kamwe; kutu yake hujijenga taratibu kwa karne na kuwa nyeusi au ya hudhurungi iliyoiva, laini kwa kidole, ikiwa imeshuka hadi ndani ya mikwaruzo ya tupa na ndani ya mapigo ya tindo yaliyochonga jina la mhunzi. Msuka aliouleta yeye ulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa inayoacha unga mkononi, na vishimo vidogovidogo vilivyotawanyika sawasawa, alama ya tindikali au chumvi. Jina lilikuwa limechongwa juu ya kutu hiyo, na ndani ya herufi chuma kilikuwa cheupe. Hapo hapakuhitaji mtaalamu.

Na jina lenyewe, bila shaka, lilikuwa la Kotetsu. Nagasone Kotetsu alikuwa mfua deraya aliyegeukia panga huko Edo (Tokyo ya leo) katika karne ya 17, na kazi yake ilitafutwa sana hivi kwamba kwa vizazi vingi wameghushi sahihi yake Wajapani wenyewe, wakiwauzia Wajapani wenzao. Kwa hiyo hata upanga ulio wa kale kweli ukiwa na jina hilo hudhaniwa kuwa na sahihi ya uongo mpaka uthibitishwe. Mhunzi Masamune wa jimbo la Sagami ni vivyo hivyo kwa namna nyingine: panga zake zenye sahihi ni chache mno, kwa hiyo sahihi ya Masamune iliyochongwa vizuri na kusomeka yote ingepaswa kumtia mtu hofu kuliko furaha.

Kuhusu makali: mstari mweupe wa mawimbi uitwao hamon hutokea pale bapa lililopakwa udongo linapotiwa moto na kuzamishwa majini, na ukiutazama kwa taa iliyoinamishwa utaona chembe za chuma zinazometameta kama ukungu. Wa bandia huchorwa kwa tindikali au kwa brashi ya waya, na hata uinamishe taa vipi hubaki doa bapa lisilo na kina. Omba video fupi yenye taa inayosogea. Picha tuli huficha mengi.

Wengine wameonyeshwa cheti cha NBTHK, jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo makumbusho yake yako Ryogoku, Tokyo, tangu mwaka 2018. Vyeti vyake vya sasa ni vya ngazi nne, Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo, na hubeba picha ya msuka wa upanga uliokaguliwa, kwa hiyo kulinganisha ni kazi ya dakika chache. Huyu hutuma cheti cha zamani cha rangi ya kijani na kukiita cha daraja la juu kabisa. Vyeti vya kijani ni vya kabla ya mfumo wa mwaka 1982, na baadhi yake vilipatikana kwa njia chafu, hasa vile vya majina makubwa. Mkusanyaji makini havikatai moja kwa moja, ila hakubali kulipia chochote kwa ajili yake.

Wale wanaoletewa upanga wa sajini, aina ya 95 iliyoanza mwaka 1935, wajue kwamba huo ulitengenezwa kiwandani kwa mashine, una namba ya jeshi iliyogongwa kwenye bapa, na mpini wake, katika nyingi, ni wa chuma kilichosubiwa na kupakwa rangi ili ufanane na wa kusukwa. Japani huusajili upanga uliofuliwa kwa mkono kama kazi ya sanaa, na huu wa mashine hausajiliwi. Anayekuletea aina ya 95 yenye torokusho amekwisha kujieleza. Huyohuyo pia huwaomba wenye panga halisi za aina hiyo za wazee wao wampe azipeleke Japani kunolewa na kung'arishwa, malipo yakitangulia. Upanga wa sajini ukifika forodha ya Japani hautapita, kwa hiyo kazi anayoahidi haiwezekani kabisa, na mzigo mkimpa msitarajie kuuona tena.

Vifaa vidogo sitavikalia sana. Tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono, ikiwa ni ya kusubu huwa na vinyweleo vya hewa na mshono wa kalibu ndani ya matundu ya urembo, mahali ambapo ya kale ingekuwa na alama za tupa. Deraya alizowatumia wawili niliowasiliana nao zilikuwa mapambo ya sikukuu ya watoto wa kiume ya tarehe 5 Mei, kofia ya bati jembamba iliyofungwa kwa skrubu za nyota, ikiuzwa kuwa ya Myochin, ukoo wa wafua deraya, ya karne ya 16. Skrubu ya nyota, ndugu zangu.

Walio Uingereza wana hatari ya ziada. Tangu mwaka 2008 upanga uliopinda wenye bapa la sentimita 50 au zaidi umekatazwa kuingizwa na kuuzwa huko, isipokuwa uwe umetengenezwa kabla ya mwaka 1954 au kwa mkono kwa njia za jadi. Upanga bandia wa kiwandani hauna kinga hiyo, na forodha wakiuzuia, muuzaji atakuwa ameshapata fedha zake na wewe ndiye utakayeandikiwa barua.

Akikufuata, omba picha ya msuka mtupu pande zote mbili, mpini ukiwa umevuliwa, utepe wa kupimia ukiwa kando na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na jina lako ikiwa imelazwa juu ya bapa. Sijaona aliyetumiwa picha hiyo; wote waliambiwa kwamba kuuvua mpini ni kuuvunjia heshima upanga, ilhali pini kwa kawaida ni moja, ya mwanzi, na hutoka kwa kugongwa kidogo. Msitume arbuni kwa simu kwa mtu msiyeweza kumrudia. Yeye huing'ang'ania njia hiyo na hukataa kila njia yenye kinga kwa mnunuzi.

Waliokwisha kulipa wasifute ujumbe hata mmoja, wahifadhi risiti za kutumia fedha pamoja na namba zilizopokea, wapeleke taarifa polisi na kwa kampuni ya simu mapema kabla laini haijatupwa. Nami naomba kila aliyetumiwa picha ya torokusho anitumie faraghani ile namba ya usajili na mkoa ulioitoa, kwa kuwa hati moja tumekwisha iona kwenye panga mbili, na orodha ya namba itakayopatikana nitaiweka hapa ili mtu aweze kuikagua kabla ya kutoa fedha.