Asali ya Kununua: Anza na Ripoti ya Maabara

Majaribio ya nyumbani ya kutambua asali halisi, kama kudondosha asali kwenye maji au kuchovya njiti ya kiberiti, hukuonyesha uzito na unyevu tu. Sharubati ya sukari iliyokolezwa vizuri hufaulu majaribio hayo yote, na metali ya risasi ikiingia kwenye asali haionekani kwa macho wala haina ladha ya kukushtua. Kwa hiyo ninapopanga asali ipi ya kununua kwanza, siangalii rangi wala majaribio hayo.

Ninayoiweka mbele ni asali yenye ripoti ya maabara, na namba ya bechi kwenye ripoti iwe ileile ya kwenye chupa. Kwa kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, unyevu kwa asali nyingi usizidi asilimia 20, sukrosi (sukari ya kawaida) gramu 5 kwa gramu 100. HMF, kemikali ambayo huongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa sana, isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Ripoti nyingi huishia hapo. Omba ukurasa wa metali: risasi, kadmiamu, aseniki. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 0.10 kwa kilo. Ukikuta imeandikwa “haikuonekana”, uliza mashine inaanza kuona kiasi gani. Kama inaanzia juu ya 0.10, jibu hilo halikusaidii.

Ya pili ni asali ya mfugaji nyuki anayekubali uone vyombo vyake. Asali ina tindikali, pH yake huwa karibu 4, hivyo ikilala kwenye pipa la mabati huchota zinki, na kwenye chombo kilicholehemiwa kwa risasi huchota risasi. Chungulia ndani ya mashine ya kukamulia, gusa koki na maungio yake. Unataka chuma kisichoshika kutu, kioo au plastiki ya chakula. Akiwa na refraktometa, kifaa kidogo cha kupima unyevu kwa mwanga, apime mbele yako: tone moja linatosha, ingawa husoma unyevu tu. Uliza pia kama mizinga iko jirani na mgodi au kiwanda cha kuyeyushia metali.

Asali ya sega naiweka ya tatu. Ni ngumu kuighushi, ila nyuki waliolishwa sukari nao hujenga sega.

Chupa ya mchanganyiko isiyo na bechi ni ya mwisho. Kuganda kusikutishe, ni glukosi inayojitenga. Iliyohifadhiwa kwenye debe lenye kutu au ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka, iache hata kama ni ya bure. Na mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali yoyote, hata iliyofaulu vipimo vyote, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria.