crt.sh: hapa ndo naangalia kama cheti cha saiti ni cha kweli

Wakuu, crt.sh naitumia karibu miezi minne sasa, ni saiti ya bure ya kampuni ya Sectigo, hujisajili wala huwekewi programu yoyote. Cheti ninachosema ni kitambulisho cha kidijitali ambacho saiti ya https inamwonyesha brauza kuthibitisha kwamba domeni ni yake. Nilianza kuitegemea siku nilipoenda stesheni moja (duka la kuprinti na kutoa kopi) mtaani kwetu kuprinti taarifa ya benki. Nimekaa kwenye mashine yao, nimeandika anwani ya benki mwenyewe herufi moja moja, inafunguka vizuri, https ipo, hakuna onyo lolote. Kabla sijaweka paswedi nikafungua cheti nikisome, na pale kwenye jina la mtoaji, badala ya kukuta kampuni za kutoa vyeti kama DigiCert au Sectigo au nyingine ya aina hiyo, nakuta jina la antivairasi iliyoko kwenye ile kompyuta! Nikaacha hapo hapo. Nikatoa simu, bando langu, nikaingia crt.sh nikaandika domeni ya benki, orodha ndefu ya vyeti ikashuka, na hakuna hata kimoja kilichotolewa na lile jina.

Kilichokuwa kinaendelea ni kwamba antivairasi imejiweka katikati, inafungua mawasiliano yako, inakagua, afu inayafunga upya kwa cheti chake yenyewe. Na kwa sababu ilipoinstoliwa iliingiza cheti mama chake (kile ambacho mashine ikikiamini, inaamini vyeti vyote vinavyotoka kwake) kwenye mashine, brauza inakiamini na inanyamaza kimya. Wanasema ni kutafuta virusi, sawa, lakini hapo katikati paswedi yangu inasomeka, na mwenye nia mbaya akiishika hiyo mashine njia ni hiyo hiyo. Mwaka 2015 laptop za Lenovo zilikutwa zimeuzwa zikiwa na programu ya matangazo inaitwa Superfish, ilikuwa inafanya mchezo huu huu, tena ufunguo wa siri wa kutengenezea hivyo vyeti ni mmoja kwenye laptop zote, yaani aliyeutoa kwenye moja ameshazipata zote.

Sasa crt.sh inachofanya ni kukupekulia madaftari ya wazi ambayo watoa vyeti wanaandikisha vyeti wanavyotoa. Haya madaftari yamekuja baada ya balaa la DigiNotar, kampuni ya kutoa vyeti ya Uholanzi, mwaka 2011, wahalifu waliingia kwenye mifumo yao wakajitengenezea vyeti feki zaidi ya 500, kimojawapo cha Google, kikatumika kuwapeleleza watu Iran. Kampuni ilifilisika mwezi wa 9 mwaka huo huo. Tangu 2018 Chrome inakataa cheti kipya ambacho hakijaandikishwa, ila vyeti mama vilivyoongezwa kwenye mashine na mtu au programu havibanwi na sheria hiyo, na ndo maana pale stesheni sikuona onyo.

Kutumia ni hivi, kwenye Chrome ya kompyuta bofya kialama cha kushoto mwa anwani (kufuli lenyewe walishaliondoa 2023), nenda kwenye usalama wa muunganisho, fungua cheti. Utaona alama za vidole za SHA-256 mbili (mlolongo mrefu wa herufi na namba unaokitambulisha cheti), we chukua ya cheti, ile ya ufunguo wa umma achana nayo. Nakili, bandika crt.sh, tafuta. Hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu wengi watashtuka bure, ikirudi bila kitu usiseme tayari ni feki, maana mara nyingi kinachoandikishwa ni cheti cha awali (kile kinachoandaliwa kabla ya cheti kamili kutolewa), na alama yake ya vidole haifanani na ya cheti kamili. Rudi uchukue siriali namba utafute kwa hiyo, kwa sababu siriali ya awali na ya kamili ni ile ile. Cheti kilichotoka muda si mrefu nacho kinaweza kuchelewa kuonekana, kwaiyo kipe muda. Ila siriali haipo, na mtoaji ni jina ambalo halimo kabisa kwenye orodha ya ile domeni, hapo funga ukurasa uondoke.

Kasoro zipo. Ukurasa ni majedwali matupu, hakuna maelezo ya kumshika mkono mgeni, yote Kiingereza, na ukitafuta domeni kubwa unamwagiwa mistari mpaka unapotea. Kwenye simu kusoma ni kazi, inabidi uvute kushoto kulia. Mama yangu mkubwa siwezi kumwambia aitumie peke yake, nitakaa naye.

Na kuna kitu haikusaidii kabisa, tapeli akisajili domeni inayofanana na ya benki yako, kabadilisha herufi moja tu, anapata cheti halali kutoka Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, bila kulipa hata shilingi, na crt.sh itakuonyesha kipo na ni cha kweli, kwa sababu ni cha kweli, ni cha hiyo domeni yake. Kwaiyo anwani soma kwanza, herufi kwa herufi, ndo uje kwenye cheti.

Mi naipa nne kwa tano. Ile stesheni naenda bado, taarifa ya benki naidownload kwenye simu yangu nikiwa nyumbani, afu nawapelekea kwenye flashi waprinti.